Masomo Arobaini na Moja ya Baba

1

Mwalimu Gwakisa alipogawa nota mpya Jumamosi ile, Subilaga Mwaisumo alifanya alivyofanya siku zote. Aliikunjua karatasi, akaikodolea macho kama mtu anayeelewa, kisha akatega sikio upande wa dada yake.

Walisimama pamoja katika sauti ya pili, Atupakisye kulia, yeye kushoto. Atupakisye alipitisha macho juu ya ile mistari mitano, akavuta pumzi, akaimba. Subilaga alimfuata nyuma kwa nusu pigo. Hakuna aliyegundua. Kitu akikisikia mara moja kilikuwa kimeshaingia, na mara ya pili alikiimba vizuri kuliko yule aliyekiimba kwanza. Ila ile mara ya kwanza ilimlazimu angoje. Miaka thelathini katika kwaya, kila wimbo mpya aliuanza kwa kungoja mdomo wa dada yake ufunguke.

"Sauti ya pili, safi," alisema Mwalimu Gwakisa. "Dada Atupakisye, asante. Wengine mfuateni yeye."

Mfuateni yeye. Neno hilo lilimkaa Subilaga kooni kama mwiba wa samaki. Alimtazama dada yake akitabasamu kidogo, ule unyenyekevu wake wa kupendwa na watu, akatamani karatasi ile ipeperuke mbele ya macho ya wote, dada mtu abaki hana la kuimba.

Wengi pale hawakuwa wamesomea nota. Walikwenda tu kituo cha kuhamishia ujuzi, mtaa wa nyuma ya soko la Tukuyu, wakawekewa chembe chini ya ngozi nyuma ya sikio, na jioni wakatoka wanasoma. Hizo ziliitwa chembe safi. Ujuzi wake ulichanganywa kutoka vichwa vya maelfu ya watu hadi ukapoteza sura ya yeyote. Ambokile wa besi alikuwa na ya kwake. Ukimwuliza kwa nini nota tupu huimbwa ndefu kuliko iliyojazwa wino, alikuangalia kama vile umemwuliza kwa nini maji yanalowesha. Alijua, lakini hakujua alijuaje.

Subilaga naye angeweza kwenda siku yoyote. Alikuwa msimamizi wa mashine za kuchuma chai, hakushindwa bei ya chembe safi. Hakwenda kwa sababu alichokitaka hakikuwa nota.

Alipokuwa na miaka sita na dada yake minane, baba yao, Mzee Angetile, mwalimu wa kwaya aliyejulikana kuanzia Kyela hadi Mbeya, alikuwa akimwita Atupakisye sebuleni kila Jumamosi asubuhi na kufunga mlango. Subilaga aliachiwa ungo wa maharage barazani achambue. Alisikia sauti nzito ya baba, kisha kimya, kisha sauti nyembamba ya dada. Siku moja aliusukuma mlango. Baba hakumkaripia. Alisema kwa upole tu, "Subi, wewe nenda ukacheze."

Mwaka mzima wa Jumamosi. Yeye hakuitwa hata moja. Baba alikuwa ameshakufa, huu mwaka wa tisa, na Subilaga mwenye umri wa miaka arobaini na sita bado alikuwa nje ya ule mlango.

2

"Unachouliza kinawezekana," alisema Ipyana, fundi wa kituo, "ila si chembe safi tena. Hiyo tunaiita kuhamisha na mizizi."

Alikuwa kijana mpole mwenye mikono misafi sana. Alimwonyesha kwenye kioo picha ya kitu kama mche, shina juu, nyuzi nyeupe chini.

"Shina ndio ujuzi wenyewe. Macho yanaona nota, koo linajua la kufanya. Mizizi ni namna ujuzi ulivyoingia. Siku ile, chumba kile, mtu aliyekufundisha, ulivyojisikia. Shina tunaweza kulinakili hata mara elfu. Mizizi hainakiliki, dada. Inahama. Ikiingia kwako, kwake haipo."

"Kwa hiyo yeye atasahau kusoma?"

"Hapana. Shina lake limekomaa miaka arobaini, litasimama hata bila mizizi. Atasoma kama kawaida. Atakachokosa ni masomo yenyewe. Hatakumbuka alifundishwaje, wala na nani." Akazima ile picha. "Ndiyo maana sheria inataka ndugu wa damu, na wote wawili waridhie. Watu huwa wanafanya hivi mzazi akikaribia kufa, anawaachia watoto."

"Dada yangu ameridhia," alisema Subilaga.

Lilimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe alishangaa.

Nyumbani alimweleza Atupakisye vingine. Alimwambia amechoka kubahatisha, anataka chembe, na wataalamu wanasema nakala ya ndugu hushika vizuri kuliko ya watu baki. "Wanachukua nakala tu, dada. Wewe unakaa kwenye kiti robo saa."

Atupakisye alifurahi, akamshika mabega. "Mbona siku zote hukusema? Mimi nilidhani nota unazidharau!"

Siku ya kuhamisha, Ipyana alitaka kumsomea yale maelezo ya ridhaa. Atupakisye alikuwa na mkutano wa kina mama saa nane. "Mdogo wangu ameshanieleza yote, baba. Nipe niweke kidole." Akaweka kidole gumba kwenye kioo. Ipyana alimgeukia Subilaga.

"Mmeelewana kabisa?"

"Tumeelewana."

Kabla hawajaondoka, fundi alimvuta Subilaga pembeni akampa onyo moja. "Wiki za mwanzo mizizi inakuwa haijashika. Kumbukumbu zitakuja zenyewe, ziache zije na kupita. Usiing'ang'anie moja ukairudiarudia. Unayoivuta kila saa ndiyo hulegea."

Subilaga aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anamwangalia dada yake akifunga kitenge mlangoni, mchangamfu, hajui ameacha nini kwenye kile kiti. Akajisikia mwepesi, kama mtu aliyelipiza.

3

Ilianza kesho yake asubuhi, akiwa amekaa juu ya kigari cha usimamizi katikati ya shamba, mashine sita zikichuma mbele yake kwa safu. Alikuwa ana kitabu cha nyimbo mapajani. Alikifungua bila kuwaza, na ile mistari mitano ikamwangalia kama watu wanaomfahamu.

Halafu baba akainua mkono.

Hakuota. Aliona majani ya chai na papo hapo akaona sebule ya zamani, asubuhi yenye ukungu, na mkono wa baba ukiwa wima mbele ya uso wake, kiganja kimemwelekea, vidole vimelala na kutanuka. "Mistari ni mitano, na Mungu ametupa vidole vitano ili tusiisahau," alisema baba. "Kidole kidogo kiko chini kabisa. Anakaa nani hapo? Mi. Kishike." Na mkono mdogo, mkono wake, ukakishika kidole kidogo cha baba. "Cha pete, so. Cha kati, ti. Cha shahada, re. Gumba, fa. Na kwenye mapengo nako kuna wapangaji. Fa, la, do, mi. Wakipanda, nawe panda. Wakishuka, shuka."

Subilaga alisimamisha kigari. Machozi yalimtoka kwa raha. Alikuwa ndani. Baada ya miaka arobaini alikuwa ndani ya chumba, ameshika kidole cha baba yake.

Raha hiyo ilidumu siku mbili.

Masomo yalikuja bila mpangilio, akiwa jikoni, akiwa njiani. Baba akimtembeza sebuleni kwa hatua, nota tupu isiyo na mkia hatua nne, ukiitia mkia mbili, ukiijaza wino moja, na alama ya kimya nayo ilihesabiwa, mguu mmoja hewani. Baba akimwonyesha kwenye kinanda kwamba kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hakuna nafasi ya mtu kupita, ni majirani waliogusana ukuta. Lakini kumbukumbu hazikuja na sauti na picha peke yake. Zilikuja na hisia. Na kila aliposhuka ndani ya mwili ule wa miaka minane, alikuta woga.

Siku ya tatu lilikuja somo la kwanza kabisa, na ndipo alipoelewa.

Baba alipiga sauti mbili kwenye kinanda. "Ipi iko juu, Atu?"

Alisikiliza. Subilaga, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosea kitu kama hicho, alisikiliza kwa masikio ya dada yake na hakusikia tofauti yoyote. Vilikuwa vishindo viwili vya rangi moja. "Ya kwanza," alibahatisha. Baba akapiga tena, taratibu. "Na sasa?" "Ya kwanza."  Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Jumapili iliyopita mwalimu wa watoto alikuwa amemwambia, mbele ya wenzake, awe anafumbua mdomo tu bila kutoa sauti, na mtoto wa mwalimu wa kwaya alikuwa amefumbua mdomo tu, wimbo mzima.

"Masikio yako yamechelewa," alisema baba hatimaye. "Usilie. Tutaingilia machoni. Ukijua nota imekaa mstari gani, utajua koo likae wapi, hata kama sikio halijafika."

Na hapo, kutoka barazani, ikasikika sauti ya mtoto akichambua maharage na kuimba. Aliimba ule wimbo wa Jumapili, wote, bila kukosea hata kidogo, huku akifikiria mambo mengine. Subilaga aliitambua sauti yake mwenyewe. Kisha kitu kikampanda, cheusi, cha moto, na kilikuwa kinamwelekea yule mtoto wa barazani. Alimchukia. Alitaka anyamaze. Alitaka aumwe koo mwaka mzima.

"Baba," alisikia mdomo wake ukinong'ona, "usimruhusu Subi aingie. Tafadhali. Asijue."

Subilaga aliketi chini kwenye udongo kati ya mistari ya chai. Mashine moja ilifika mwisho wa safu ikaanza kulia ikiomba maelekezo, na hakuisikia. Mlango ulikuwa umefungwa ili asione aibu ya mtu. Na yeye alikuwa ameishi miaka arobaini akimwonea wivu mtu aliyekuwa anamwonea yeye wivu.

Ungefikiri hapo wivu wake ungekufa. Ulipungua kwa siku moja. Kisha likaja somo ambalo baba aliliita la thelathini na tatu.

Katika somo hilo Atupakisye aliimba mistari miwili kutoka kwenye karatasi ambayo hajawahi kuiona, peke yake, bila kinanda.  Alipomaliza, baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akamshika kidevu.

"Atu, mwanangu. Mdogo wako alipewa masikio bure. Wewe umeyanunua kwa jasho lako mwenyewe. Nawapenda wote, lakini ninayejivunia ni wewe."

Subilaga aliisikia sentensi hiyo ikisemwa kwake, mkono wa baba uko kidevuni mwake, na akaipokea nzima nzima kama mtu aliyekuwa na njaa. Halafu akakumbuka yeye ndiye huyo "mdogo wako". Ilimpapasa na kumchapa kwa mkono mmoja. Akairudia. Akiosha vyombo aliirudia, akipanda kigari aliirudia, alifunga macho akaingia humo asubuhi na mchana, amsikie baba akisema ninayejivunia ni wewe, na kila mara alitoka na wivu mpya. Onyo la fundi alilikumbuka. Alilipuuza.

4

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Gwakisa alikuja na daftari. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka mia, na kijitabu cha historia kilikuwa kinaandaliwa.

"Dada Atupakisye, tuanze na wewe. Hapa sisi wengine tumepandikizwa tu, wewe ndiye uliyefundishwa kwa mkono. Tueleze kidogo, marehemu mzee alikufundishaje?"

Atupakisye alitabasamu, akafumbua mdomo.

Subilaga alimwona akitafuta. Macho yalikwenda juu, yakaja chini, kama mama anayepapasa mkoba akijua funguo zimo. Tabasamu lilibaki usoni bila mwenyewe.

"Alinifundisha..." alisema Atupakisye. "Ni baba, si ndiyo? Ni baba alinifundisha." Akamgeukia Subilaga. "Subi, ni baba?"

"Umechoka, dada," alisema Mwalimu Gwakisa haraka. "Tutaandika siku nyingine."

Lakini Atupakisye alikuwa ameshaweka kiganja kwenye paji la uso. Mama yao alikufa akiwa amesahau majina ya watoto wake. Kila mtu pale alijua anawaza nini.

Wiki nzima Atupakisye hakutoka nyumbani. Subilaga alipokwenda, alimkuta jikoni anamenya ndizi, amezungukwa na vipande vya karatasi. Alikuwa ameandika majina ya watoto, majina ya mitaa, tarehe ya ndoa yake. Alikuwa anajipima.

"Vyote ninavyo," alisema bila kuinua macho. "Ni kile kimoja tu. Kimetoka chote, kama jino. Subi, nisiposema kwa mtu nitapasuka. Naogopa."

Subilaga angeweza kunyamaza. Ridhaa ilikuwa na alama ya kidole, fundi asingetoboa siri. Dada yake angeishi na hofu ya ugonjwa ambao hana, na yeye angebaki na mkono wa baba. Alisimama mlangoni akalipima hilo. Aibu kubwa ya maisha yake haikuwa ile aliyoiona kwenye masomo, ilikuwa ule muda aliosimama pale akilipima.

"Hauumwi, dada," alisema. "Ninayo mimi."

Alimweleza yote. Kisu cha Atupakisye kilisimama katikati ya ndizi. Aliposikia habari ya sauti mbili za kinanda, na ya mwalimu wa watoto, uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

"Umeliona hilo," alisema.

"Nimeliona. Dada, kama ningejua..."

"Umelihisi? Lilivyokuwa?"

"Ndiyo."

Atupakisye aliweka kisu chini polepole. "Ungeniibia raha, Subi, ningekusamehe kabla ndizi hazijaiva. Umekwenda kuchukua aibu yangu. Kitu ambacho mume wangu niliyeishi naye miaka ishirini hakijui. Umekivaa ukatembea nacho mjini." Akamnyooshea kiganja. "Nirudishie."

"Yanauma, dada. Mengi yanauma. Si bora..."

"Ni yangu! Baba alinipa mimi. Maumivu yake ni yangu, na kila nota ninayoimba nimeilipia humo. Nirudishie."

5

Walipomrudia wote wawili, Ipyana alikasirika kwa namna yake ya upole. Hakupandisha sauti, aliacha tu kumwita Subilaga dada. "Uliniambia mmeelewana, mama. Na mimi nilipaswa kumsomea, sikumsomea. Wote tumemkosea." Kisha akaeleza. Mizizi ingerudi. Kwa Subilaga shina lilikuwa na siku chache mno, likitolewa mizizi lingenyauka, asingeweza kusoma hata nota moja. "Na safari ya kurudi, mizizi ikiwa bado haijashika, kuna masomo yanayodondoka njiani. Mawili, matatu. Siwezi kuchagua yapi. Kikidondoka hakiko kwako wala kwake."

"Basi ataandika kwanza," alisema Atupakisye. "Yote. Neno kwa neno. Kitakachodondoka nikisome."

Subilaga aliandika kwa siku nane, kila akitoka kazini, kwenye daftari kubwa la mistari. Masomo arobaini na moja. Aliandika mkono wa baba na wapangaji wa kwenye mapengo. Aliandika hatua nne na mguu hewani. Hakuyapunguza machozi. Aliandika hata chuki aliyoihisi kwa yule mtoto wa barazani, na hilo halikumshinda.

Siku ya saba alifika somo la thelathini na tatu. Aliandika wimbo, akaandika miwani na ncha ya shati. Akaandika: *Akanishika kidevu, akasema,* na kalamu ikasimama.

Alijaribu. Mkono wake wote ulikataa. Kuisikia ilikuwa kitu kimoja, maana ndani ya kumbukumbu yeye ndiye aliyekuwa akiambiwa. Kuiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko wake, kwamba baba alijivunia yule mwingine, na kumkabidhi yule mwingine aisome mara atakazo hadi kufa, ilimshinda. Atapata yote arobaini na moja, alijiambia. Sentensi moja. Na huenda somo hili likafika salama, ataikuta humo humo. Nitaijaza kesho.

Aliacha mistari miwili mitupu, akaendelea na somo la thelathini na nne. Kesho yake hakuijaza. Keshokutwa yake waliketi kwenye viti viwili, migongo ikiwa imeelekeana, na Ipyana akaanza kazi.

6

Yalidondoka matatu. La sita, la kumi na tisa, na la thelathini na tatu.

Waliyajua siku hiyo hiyo, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kituo, Atupakisye akilipekua daftari na kulinganisha na kilichomo kichwani. Alilia, akacheka kidogo. Aliuinua mkono wake mbele ya uso akavitazama vidole. Subilaga alikaa pembeni. Kichwani mwake palikuwa peupe. Alijua kwamba alikuwa ameingia chumba fulani, kama mtu anavyojua alisafiri akiwa mchanga. Aliokota karatasi ya kwaya iliyochungulia mkobani. Vitone na vijiti, basi.

"La sita sinalo," alisema Atupakisye. "Limekwenda. Na la kumi na tisa." Akasoma kurasa zile kimya, kama mtu anayesoma barua ya jirani. Kisha akafika mbele. "La thelathini na tatu nalo sina. Ipyana amesema limechakaa kuliko yote, kama lilikuwa linavutwa kila saa." Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Subi. Hapa kuna nafasi."

Subilaga aliliangalia daftari. *Akanishika kidevu, akasema,* na mistari miwili mitupu.

"Alisema nini?"

Angeweza kujibu kwamba wino ulikwisha. Angeweza kusema baba hakusema kitu. 

"Sijui," alisema. "Sikuiandika kwa makusudi. Hilo nalikumbuka, kwa sababu kuacha ni kwangu mimi, hakukuhama. Nakumbuka nimeshika kalamu na mkono umekataa. Lakini sentensi yenyewe imekwenda. Sina hata neno moja."

Atupakisye alipitisha kidole kwenye ile mistari mitupu. Mashine ya kukusanya mvua iliruka juu ya mabati ya soko ikaacha kivuli, ikaenda zake. Alikuwa na masomo thelathini na manane, sauti mbili za rangi moja, jasho, mdomo uliofumbuliwa bila sauti, vyote vimerudi mahali pake, vinauma kama zamani. Na hapa kidevu chake kilikuwa mkononi mwa baba na baba hakuwa na maneno.

"Labda alinionya," alisema taratibu. "Labda alisema niache, sitaweza. Au alisema afadhali angemfundisha..." Hakumaliza.

"Hapana." Subilaga alimshika mkono na dada yake akautoa. Akaendelea hivyo hivyo. "Dada, nisikilize. Sijui alisema nini, lakini mimi najijua. Nimeandika humo ulivyolia. Nimeandika ulivyonichukia. Nimeandika kila kibaya na mkono haukutetemeka. Kama baba angekuonya, ningeiandika upesi tena kwa herufi kubwa. Nilikuwa na wivu, dada, wivu wa kunila nyama. Kitu pekee ambacho nisingeweza kukuandikia ni kizuri. Kizuri mno. Kizuri kunishinda mimi."

Atupakisye aligeuka akamtazama usoni, kwa muda mrefu, kama anavyotazama nota mpya kabla hajavuta pumzi.

"Rudia," alisema.

Subilaga alirudia, neno kwa neno, hakupunguza wivu wake hata kidogo. Alipomaliza, dada yake alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaliweka daftari magotini mwa mdogo wake, pale penye mistari miwili mitupu.

"Andika hivyo," alisema. "Kama ulivyosema. Na jina lako chini."